Mchezo wa Watoto Si Mchezo

Ujumbe uliingia kwenye grupu ya WhatsApp ya wazazi wa Gredi ya Tano mwendo wa saa tatu usiku, saa ambayo nusu ya Nairobi iko kwenye matatu na nusu nyingine iko jikoni. Mwalimu wa darasa aliandika kwa adabu zote. Watoto wanaandaa igizo la nyimbo la kufunga muhula. Kila mzazi anaombwa atoe shilingi 600 za mavazi. Mazoezi ni saa tisa unusu hadi saa kumi unusu, Jumatatu hadi Alhamisi. Mimi niko kwenye grupu hiyo kwa sababu dada yangu anafanya kazi Doha na bintiye anaishi kwangu.

Hata dakika mbili hazikuisha, baba mmoja akajibu: "Mwalimu, na hii itawasaidia vipi kwa mtihani?"

Vidole gumba vikafuata. Nilivihesabu. Kumi na saba.

Nilianza kuandika jibu, nikafuta. Nikaanza tena, nikafuta. Tatizo ni kwamba jibu langu haliingii kwenye grupu ya wazazi. Linaanzia kwenye simu ya jamii mwaka wa 2004, linarudi nyuma hadi enzi za walowezi, na lina watu waliofungwa jela ndani yake. Basi nimelileta hapa.

*

Mwaka wa 2003 serikali mpya ilifuta karo katika shule za msingi za umma, na watoto zaidi ya milioni moja ambao hawakuwa shuleni wakaingia. Shule yetu ya Eastlands ilifurika. Mwaka uliofuata nilikuwa darasa la sita, na tulikuwa 93 chumba kimoja, wanne wanne kwa dawati la watu wawili. Ukitaka kuandika, jirani yako anakunja kiwiko kwanza. Mwalimu hakuweza kujua majina yetu yote, na wengine walimaliza muhula bila kuulizwa swali hata moja.

Muziki ulikuwa kwenye ratiba kwa jina tu. Wale waliotutangulia katika 8-4-4, mfumo ulioanza 1985, waliufanyia mtihani pamoja na sanaa. Mtaala ulipopunguzwa mwanzoni mwa miaka ya 2000, masomo hayo yakatolewa kwenye KCPE. Na Kenya hii, kitu kikitoka kwenye mtihani, ni kama kimetoka kwenye maisha. Saa ya muziki ikawa saa ya hesabu. Piano sikuwahi kuiona, ila kwenye picha.

Lakini tulikuwa na mwalimu mmoja wa Kiswahili aliyekuwa na kichwa kigumu. Januari hiyo alituambia tunaingia tamasha la drama, na kwamba igizo tutalitunga wenyewe. Lilihusu kijiji ambacho mto wake umezungushiwa ua na mtu asiyejulikana. Hakutupa nyimbo. Alisema kila mmoja akalete wimbo kutoka nyumbani, wa lugha yoyote, wa kubembeleza mtoto, wa harusi, wa kupura mtama, wowote.

Mnadhani ilikuwa kazi rahisi? Sisi ni watoto wa ploti. Nyimbo tulizozijua ni za redio na za makanga. Msichana mmoja wa Eastleigh akaja na buraanbur ambayo mamake alikuwa ameimba kwenye harusi. Kijana mmoja ambaye baba yake alitoka Kaloleni alileta kayamba yenyewe, imefungwa ndani ya leso kama mtoto mchanga. Wale wa Kakamega hawakuhitaji kitu, walipiga isukuti kwenye dawati mpaka darasa la jirani likalalamika.

Mimi sikuwa na kitu. Mama aliniambia nimpigie nyanya Makueni. Nilienda kwa simu ya jamii na sarafu ya shilingi ishirini, na jirani wa nyanya mwenye simu akamwita. Nikamwambia, "Susu, niimbie wimbo." Alicheka kwanza, pesa zikiisha. Kisha akaimba, wimbo wa kumsindikiza bibi harusi, huku mimi nikijaribu kuandika Kikamba kwenye kiganja. Katikati ya ubeti wa tatu simu ikakatika.

Nilimpelekea mwalimu nusu wimbo, nikiwa tayari kulia. Yeye akauandika ubaoni vile vile, na pale ulipokatika akachora mstari. Akauliza darasa: huyu bibi harusi anaenda wapi sasa? Tukaumalizia sisi, watu wa makabila saba au manane, wengi wao hawajui neno la Kikamba isipokuwa salamu.

Baba wa grupu, kama unasoma: hilo la kwanza. Kabla ya igizo lile sikuwa nimewahi kumuuliza nyanyangu chochote zaidi ya "umetuletea nini?"

*

La pili linamhusu kijana niliyekaa naye dawati moja. Nitamwita Chifu, kwa sababu alicheza chifu, na hadi leo hakuna anayemwita vingine.

Chifu hakujua kusoma. Darasa la sita, na hakujua kusoma. Alikuwa bingwa wa kunakili: angetoa ubaoni sentensi nzima kwa mwandiko safi bila kujua imesema nini. Katika watoto 93 ukijua kunakili unapita. Nilijua siri yake kwa sababu mimi ndiye niliyemnong'onezea majibu.

Alipochaguliwa kuwa chifu alichaguliwa kwa sauti. Kijana huyo alikuwa na sauti ya kusimamisha basi. Mistari yake nilimsomea mimi chini ya mti nyuma ya choo, naye akaishika yote kwa siku mbili. Mwalimu alipogundua hakumkemea na hakumwondoa. Alimkalisha na ile karatasi ya mistari yake, akamwambia aiseme polepole huku kidole kikipita chini ya kila neno. Maneno tayari alikuwa nayo kichwani. Kazi ikawa ni kuyatambua tu yakiwa karatasini. Kufikia muhula wa tatu alikuwa anatusomea vibao vya matatu na matangazo ya maziko kwa sauti ya chifu, na hakuna aliyeweza kumnyamazisha.

Baadaye sana, nikiwa chuoni, nilisoma habari za Kamirithu na nikamkumbuka. Wengi wetu tunajua hadithi hiyo kwa mwisho wake tu: Ngũgĩ wa Thiong'o alitia igizo jukwaani kwa Kikuyu, akafungwa. Mwanzo wake ndio ulionishika. Kamirithu, kijiji cha Limuru, kilianza na darasa la kusoma na kuandika la watu wazima mwaka wa 1976. Wakulima na vibarua walijifunza herufi kwanza, kisha wakauliza: sasa tumejua, tufanye nini? Ndipo Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ wakaombwa waandike *Ngaahika Ndeenda*. Mazoezi yalifanywa hadharani. Mtu akipita na jembe anasimama, anasikia mhusika mzee akiongea kama kijana, anasema hapana, mzee hasemi hivyo, na mstari unabadilishwa. Wakajenga wenyewe jukwaa la wazi la kukalisha takriban watu 2,000.

Onyesho lilifunguliwa Oktoba 1977. Novemba leseni ikafutwa. Mwisho wa Desemba Ngũgĩ akakamatwa, akakaa kizuizini karibu mwaka mzima bila kufikishwa mahakamani. Mwaka wa 1982 wakajaribu tena na *Maitũ Njugĩra*, igizo lililojaa nyimbo za jamii mbalimbali za Kenya. Milango ya Ukumbi wa Kitaifa wa Maonyesho ikafungwa mbele yao. Wakafanyia mazoezi Chuo Kikuu cha Nairobi, na maelfu wakaja kutazama mazoezi. Hayo pia yakasimamishwa. Machi 1982 jukwaa la Kamirithu likabomolewa.

Fikiria. Serikali nzima, na jeshi lake, na magereza yake, inabomoa mbao na mianzi kwa sababu watu waliojifunza kusoma juzi wameimba. Ukiniuliza igizo lina faida gani, nami nitakuuliza: mbona waliliogopa hivyo?

*

Tukubaliane kwamba tamasha za shule hazikuanzishwa ili mtoto wa ploti apate sauti. Tamasha la Muziki la Kenya ni la tangu 1927, na chanzo chake ni walowezi. Lile la drama lilianza 1959, na miaka ya kwanza shule zilizotamba zilikuwa za Wazungu, kwa Kiingereza. Ngũgĩ mwenyewe alisoma Alliance kati ya 1955 na 1958, na anaeleza kwamba kila mwaka shule iliigiza Shakespeare. Nje, Hali ya Hatari, watu wako kambini. Ndani, vijana Waafrika wamevaa taji la mfalme wa Uingereza.

Waafrika walipozichukua tamasha hizo, walizijaza vyao: densi, nyimbo za kienyeji, michezo ya watoto ya kuimba, na ngonjera. Hiyo ngonjera unayoijua kutoka paredi ya shule, watoto wawili wakibishana kwa vina kuhusu usafi, ilitupitia kutoka Tanzania. Mathias Mnyampala, aliyefariki 1969, ndiye aliyeipa umbo katika enzi za Azimio la Arusha, na kitabu chake cha *Ngonjera za Ukuta* kikatoka 1970 kwa ajili ya kufunza siasa ya Ujamaa. Kwa hivyo ilikuwa chombo cha serikali. Lakini chombo hakijui mwenyewe ni nani. Ukimfundisha mtoto kusimama, kutazama watu machoni na kubishana kwa mpangilio, huwezi kumwekea mpaka wa atakachobishania.

Nisiwadanganye, yako maovu pia. Nimeona mazoezi ambapo mtoto anachapwa kwa kukosea hatua. Nimeona shule zinazolipa mtunzi kutoka nje alete igizo limekamilika, watoto wanalikariri kama kasuku, na kombe linakaa ofisini kwa mwalimu mkuu. Nimeona waliokosa pesa za mavazi wakipangwa nyuma ya pazia, na wenye sura za kupendeza wakipangwa mbele. Igizo la namna hiyo linamfunza mtoto kweli, ila linamfunza kwamba dunia ni ya wenye nacho, jambo ambalo angelijua hata bila mazoezi.

Faida haiji kwa sababu kuna nyimbo. Inakuja pale watoto wanapoachiwa kazi yenyewe. Unajifunza kusubiri zamu yako huku moyo unadunda. Unajifunza kusikiliza, kwa sababu ukichelewa kuingia umemuua mwenzako jukwaani. Unajifunza kwamba yule usiyempenda ndiye anayeshika upande wa pili wa ua, na akiuachilia nyinyi wote mmeanguka. Katika darasa la 93, hilo lilikuwa somo la pekee ambapo kukosa kwako kulionekana.

*

Sasa huo ua.

Mwalimu hakuwahi kutuambia mto wa igizo ulikuwa nini. Hakuna aliyeuliza. Kila siku tukitoka mazoezini tulipita kando ya uwanja wetu wa mpira, ambao nusu yake ilikuwa tayari nyuma ya mabati, na bango la kampuni fulani. Katika onyesho la mwisho, watoto wa kijiji waling'oa ua na kuingia majini wakiimba wimbo wa Susu. Tulilipenda onyesho hilo kupita kiasi. Kila zoezi ua ulivunjika kweli na ilibidi tuugongee misumari upya.

Tulishinda zoni. Tulishinda tarafa. Siku mbili kabla ya wilaya, mwalimu mkuu alimwita mwalimu wetu ofisini. Alikaa humo muda mrefu. Alipotoka alitukalisha chini ya mti na kutuambia ukweli, kitu ambacho watu wazima hawakuwa wakitufanyia: onyesho la mwisho litolewe, ama shule isiende. Hakumlaumu mwalimu mkuu. Alisema tu kwamba mwenzake ana watoto na ana kazi. Kisha akauliza tunataka kufanya nini.

Tulibishana hadi giza. Wengine walitaka tusiende kabisa. Chifu ndiye aliyesema: tusiung'oe ua. Twende mbele yake, tusimame, tuutazame. Tusiseme kitu.

Ndivyo tulivyofanya. Watoto 28, wamesimama mbele ya ua wa mbao na makuti, kimya. Mimi nilikuwa na kayamba mkononi na nilikuwa nimeamriwa isitoe hata mlio mmoja, na naapa hiyo ndiyo kazi ngumu zaidi niliyowahi kufanya jukwaani. Ukumbi ulinyamaza nao. Halafu mama mmoja nyuma akaanza kulia, na mwingine akaimba wimbo wa kanisa peke yake, na taa zikazimwa.

Jaji alisema igizo lilikuwa na nyimbo nzuri lakini halikuwa na mwisho. Tukawa nambari nne. Hatukwenda mkoa.

Uwanja ulikwenda. Leo pana ghorofa saba na duka la simu chini. Sitaki kuwadanganya kwamba kuimba kuliuokoa.

Ila tarehe 19 Januari 2015 nilikuwa kazini, runinga iko ukutani, na nikaona watoto wa shule ya msingi ya Lang'ata Road wamevaa sare, wanausukuma ukuta uliojengwa kwenye uwanja wao wa michezo. Polisi wakawarushia vitoza machozi. Watoto wa shule ya msingi. Ukuta ulianguka, na uwanja huo ukarudishiwa shule. Nilisimama katikati ya ofisi na kulia bila aibu, na mkubwa wangu akaniuliza kama nimefiwa. Nilimpigia Chifu simu. Hakusema hujambo. Alisema, "Umeona mwisho wetu?"

Na tarehe 10 Aprili 2025 tukapigiana tena. Wasichana wa Butere walikuwa Nakuru kwenye tamasha la kitaifa na igizo lao *Echoes of War*. Shule hiyo hiyo ilikuwa imezuiwa na *Shackles of Doom* mwaka wa 2013 mpaka mahakama ikaingilia, na safari hii pia Mahakama Kuu ilikuwa imeamuru waachwe waigize. Mwandishi wao, Cleophas Malala, alikuwa amekamatwa. Nje, vitoza machozi. Wasichana wakaingia, wakaimba wimbo wa taifa, wakatoka. Nchi nzima ikajadili kwa nini hawakuigiza. Mimi na Chifu tulielewa mara moja. Walikuwa wamesimama mbele ya ua. Majuma saba baadaye, Ngũgĩ akafariki Marekani.

*

Nilimpelekea mwalimu shilingi 600. Kwenye grupu niliandika sentensi moja: "Kwa mtihani sijui, ila mwacheni mtoto asimame mbele ya watu akiwa bado mdogo, kabla hajajifunza kuogopa." Nilipata vidole gumba vinne. Yule baba aliandika "sawa," bila alama ya kuonyesha kama ni sawa ya kukubali au ya kunichoka. Kesho yake mwalimu alisema wote wamelipa isipokuwa watatu, na hao watatu shule itawatafutia mavazi.

Jumatatu mpwa wangu alirudi nyumbani na kazi. "Anko, mwalimu amesema kila mtu alete wimbo wa kwao."

Nilikaa. Nikamwimbia wa bibi harusi, beti mbili na nusu za Susu na zilizobaki za darasa la sita. Akauliza kama ndivyo unavyoisha kweli. Ikabidi nimwambie. Mwaka ule, likizo ya Aprili, nilienda Makueni na kumwimbia Susu wimbo mzima. Alisikiliza hadi mwisho, mikono magotini, kisha akacheka mpaka akashika ukuta. Kumbe sisi tulikuwa tumempeleka bibi harusi nyumba ya jirani, siyo kwa mumewe. Nilimwomba anifunze mwisho wa kweli. Akasema baadaye, tule kwanza. Baadaye haikufika, na sasa Susu hayupo.

"Kwa hivyo niimbe upi?" mpwa wangu akauliza.

Nikamwambia aufikishe pale simu ilipokatika, achore mstari, awaulize wenzake.